Vistari Viwili Upande wa Kushoto

Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla sijaacha, huwa nawajibu kwamba nilikuwa naandika maneno ya watu wengine. Wengi hutikisa kichwa kwa heshima wakidhani nilikuwa karani wa mahakama. Jirani yangu mmoja hapa Ujiji alinipa pole. Ukweli ni kwamba nilikuwa naandika yale maandishi yanayopita chini ya video, ambayo ninyi mnayaita sabtaito, na ambayo mama yangu mpaka leo anayaita "vile vidudu vinavyoziba miguu ya watu."

Nina shahada ya isimu. Nasema hivyo mapema ili mjue kwamba ujinga nitakaousimulia hapa ulisomewa. Nimeacha kazi kabla ya umri wa kuacha kazi, kwa sababu macho yangu yalistaafu kwanza na sikuona haja ya kubaki ofisini bila yao. Sasa nawaandikia ninyi mnaofanya kazi hii kwa simu, mkiwa mmelala chali, kwa dole gumba moja. Sina hakika kama nina la kuwafundisha. Nina jambo moja ambalo sijalielewa vizuri mpaka leo, na nimeona nisikae nalo peke yangu.

Jambo lenyewe ni hili: watu wawili wakizungumza, mtazamaji atajuaje nani kasema nini?

Mnacheka. Mnasema si anawaona. Subirini.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa video ya mafunzo ya afya iliyotengenezwa mjini Kigoma ili ikaonyeshwe vijijini. Muuguzi anamuuliza mgonjwa, "Una homa?" Mgonjwa anajibu, "Nina homa kali tangu jana." Walizungumza kwa Kiswahili, lakini chombo cha sauti kilikuwa kibovu, kwa hiyo tukaambiwa tuweke maandishi. Nikayaweka. Swali na jibu katika mstari mmoja, bila alama yoyote, kwa sababu nilidhani mwenye akili ataelewa. Video ikaenda Ilagala. Siku iliyofuata tukapigiwa simu: wanakijiji wanauliza kwa nini yule muuguzi, dada wa watu, analazimishwa kufanya kazi akiwa na homa kali, na mbona anajiuliza maswali peke yake, au homa imeshapanda kichwani.

Aliyenifundisha kazi, Bwana Sudi, mwenye studio pale Mwanga, Kigoma mjini, hakunigombeza. Alikuwa ameanza kwa kupiga picha za harusi, na mpiga picha za harusi huwa ameshaona mabaya yote ya dunia. Alivuta kiti, akaandika kistari kimoja kidogo mwanzoni mwa swali, akabonyeza kushuka mstari, akaandika kistari kingine mwanzoni mwa jibu.

"Unaona hicho?" aliniuliza.

"Naona deshi."

"Siyo deshi. Huyo ni mtu. Wa juu kaanza kusema, wa chini kajibu. Kila mtu na mstari wake, kama foleni ya maji. Wakiwa watatu, subiri mmoja anyamaze. Hapa chini ya picha hapana nafasi ya watu watatu."

Hiyo ndiyo sheria, na haijabadilika. Iliyobadilika ni mahali pa kuisimamisha. Mwanzoni Bwana Sudi alitaka kila kitu kiwe katikati ya picha, kwa sababu kadi za harusi huandikwa katikati. Tatizo ni kwamba watu hawasemi maneno yenye urefu sawa. Mmoja anasema, "Mbona jana hukuja kuchukua nyavu zako kule mwaloni kwenye boti?" Mwenzake anajibu, "Basi." Ukiweka katikati, kistari cha kwanza kinaanzia huku, cha pili kinaanzia kule, na yule wa "basi" anaonekana ametundikwa hewani kama nguo ndogo kwenye kamba ndefu. Jicho linakuja kumtafuta mahali lilipomwona mwenzake, halimkuti. Miaka ikapita tukibishana. Asubuhi moja nikamkuta Bwana Sudi amehamishia vistari vyote upande wa kushoto, kimoja chini ya kingine, vimenyooka. Nikamwambia, "Si ndivyo nilivyokuwa nasema?" Akanijibu, "Ulikuwa unasema. Mimi nilikuwa naona." Nilikaa na jibu hilo wiki nzima na sikupata maana yake. Nadhani haikuwamo.

Jambo lingine la kujifunza: usitoe jibu kabla halijasemwa. Tulikuwa na video ya wavuvi wawili wa Mwamgongo wakitaniana. Mmoja anauliza, "Unajua kwa nini mke wangu anapenda nikienda ziwani?" Mwenzake anakaa kimya, anafikiri, kisha anajibu, "Kwa sababu mimi nabaki." Nikaweka yote mawili pamoja, vistari safi kabisa, upande wa kushoto. Ukumbi mzima ukacheka wakati yule bwana bado anafikiri. Alipofungua mdomo, walikuwa wameshamaliza kucheka, na yeye alikuwamo ukumbini. Alinifuata nje akaniuliza kwa nini nilimwibia mzaha wake. Kwa hiyo: kama kati ya swali na jibu kuna pumzi ndefu, watenganishe. Wakae pamoja wale tu ambao maneno yao yanagusana.

Siku hizi mna mashine inayosikiliza na kuandika yenyewe. Nimeijaribu. Inaandika haraka kuliko mimi, na inawasikia watu wawili kama mtu mmoja mwenye mawazo mengi. Kiha, lugha ya huku kwetu, haikisikii kabisa. Nilipoichezea mazungumzo ya Waha wawili, iliandika mstari mrefu wa Kiswahili kuhusu mbuzi, na hapakuwa na mbuzi. Lakini sina haki ya kuicheka, kama mtakavyoona.

Sasa nifike kwenye lile nisilolielewa.

Kibirizi, pale wanaposhusha dagaa, alikuwapo mama mmoja tuliyemwita Mama Zuhura. Alikuwa mjane. Marehemu mumewe alimwachia kiwanja karibu na maji, na juu ya kiwanja hicho alikuwa amesimamisha vichanja vya kuanikia dagaa, meza ndefu za miti zilizotandikwa nyavu. Hapo ndipo alipopata riziki na hapo ndipo watoto wake waliposomea, maana dagaa ndio waliowasomesha. Kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Ramadhani wa Mwamgongo, alikitaka kile kiwanja ajenge stoo ya mashine za boti. Kukaitwa kikao cha ukoo. Watoto wa marehemu walikuwa Dar es Salaam, na mkubwa wao, Zuhura, ndiye aliyepewa kauli ya mwisho kwa niaba ya wenzake. Wote walikulia kwa shangazi huko Dar na Kiha hawakijui. Wazee wakaona kikao kipigwe video, sisi tuweke maandishi ya Kiswahili, Zuhura atazame, aseme neno lake. Alichosema mama kwenye video, wazee walikubaliana, ndicho kitakachohesabiwa kuwa alichosema.

Video ikaja mezani kwangu. Kiha changu nilikiokota uwanjani nikiwa mtoto, baba yangu akiwa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Iringa. Nilijiona mzawa. Nikaanza kazi.

Kamera ilikuwa imewekwa mbele ya Mama Zuhura. Sura yake ilijaa picha nzima. Mzee Ramadhani alionekana bega na nusu ya kofia. Mzee anasema, anavuta pumzi, na kila anapovuta pumzi Mama Zuhura anasema, "Ego." Kwa Kiha ego ni ndiyo. Hata mtoto anajua. Nikapanga kila kitu kwa sheria zote:

- Ardhi hii ilikuwa ya baba yetu.
- Ndiyo.

- Mimi ndiye mkubwa niliyebaki.
- Ndiyo.

- Nataka kujenga stoo hapa.
- Ndiyo.

- Wewe utahamia kwangu Mwamgongo.
- Ndiyo.

Vistari vilinyooka kushoto kama askari. Nilivitazama nikajipongeza. Baadaye Mama Zuhura alizungumza peke yake, kwa sauti ya chini, akasimulia jinsi marehemu alivyompa kiwanja mbele ya mama mkwe wake, jinsi alivyosimamisha vichanja, jinsi alivyowasomesha watoto. Hapo niliandika mistari mizuri ya mtu mmoja, bila vistari. Tukatuma.

Baada ya siku chache Mama Zuhura akaja studio mwenyewe, simu mkononi, kitenge amekifunga kwa hasira.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja uniambie. Mimi nimesema nini huku?"

Akanichezea ujumbe wa sauti kutoka kwa Zuhura. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Alisema, "Mama, nimetazama yote. Umekubali kila neno la baba mkubwa, halafu ukasimulia maisha yako kama mtu anayeaga. Kama umeridhika mwenyewe, mimi ni nani nikatae? Nitawaambia wazee sawa."

"Nimempigia nikamwambia sikukubali," alisema Mama Zuhura. "Ananiuliza naogopa nini, wakati amesoma kwa macho yake. Na matofali ya stoo yameshashushwa, mwanangu. Yako pale pale kwenye vichanja. Nimekubali lini?"

Nikamchezea video. Akasoma polepole, kidole kikifuata kioo.

"Hapo nilisema ego," akasema.

"Ndiyo mama. Ego si ndiyo?"

"Ni ndiyo."

"Sasa?"

"Ni ndiyo ya kusikia. Siyo ndiyo ya kutaka."

"Zinatofautianaje?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu mguu usio wake. "Mwanangu, shemeji yangu mkubwa anaongea. Mimi nikae kimya? Mtu akiongea nawe humwitikii, si umemwambia afe? Ningemtukana mbele ya ukoo. Yeye anasema, mimi namwitikia ili ajue nipo. Akimaliza, ndipo na mimi naongea. Niliongea, hukuniona?"

Nilimwona. Tena niliandika. Lakini alivyoongea kwa adabu, bila kusema "sikubali," Zuhura alisikia kwaheri.

Mama Zuhura alipoondoka nikabadilisha kila "Ndiyo" yake kuwa "Nakusikia." Nikajiona mwerevu tena. Kabla sijatuma, habari zikafika Mwamgongo, na Mzee Ramadhani akapanda boti akaja. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na upole wake ulinitia hofu kuliko kelele.

"Nimesikia unarekebisha maneno ya kikao," akasema.

"Shikamoo mzee. Nilikuwa natafsiri upya."

"Marahaba. Mimi nimezaliwa na Kiha. Mtu akikuuliza umekula, unajibuje?"

"Ego."

"Hapo ego ni nakusikia? Unasikia nini, chakula?"

Alikuwa sahihi. Na Mama Zuhura alikuwa sahihi. Ego ilikuwa ndiyo na haikuwa ndiyo, na mimi na shahada yangu tulikuwa tumekaa katikati kama "basi" iliyotundikwa hewani. Nikamwendea Bwana Sudi. Akasema, "Acha ego ilivyo, usitafsiri." Nikamkumbusha kwamba Zuhura hajui Kiha, ndiyo maana tulipewa kazi. Akasema, "Kumbe," akaenda kunywa chai.

Sikuwa na mpango wowote. Nilivaa hedifoni nikaanza kuisikiliza video kutoka mwanzo, nikitafuta tu kama sauti ya Mama Zuhura inashuka au inapanda anapoitikia. Haikunisaidia. Zote zilisikika sawa kwangu. Nikaacha video iendelee huku nikipangusa miwani, ikafika kule mwisho, Mama Zuhura anaposimulia peke yake. Nilipokuwa sitazami, nikasikia kitu.

Hakuwa peke yake. Chini ya sauti yake, kila alipovuta pumzi, kulikuwa na sauti nzito ya mtu aliyekaa pembeni ya kamera. "Ego." Halafu tena, "Ego."

Mzee Ramadhani.

Bwana Sudi alikuwa amenifundisha kutupa sauti isiyobeba habari. Mtu anasoma polepole kuliko anavyosikia, alisema, punguza. Za Mama Zuhura niliziweka kwa sababu midomo yake ilionekana inacheza, na midomo inayocheza bila maandishi humfanya mtazamaji adhani tumelala. Za mzee nilizitupa kwa sababu alikuwa bega na nusu ya kofia. Kamera ndiyo iliyoamua nani kaitikia. Mimi nilifuata nyuma yake kama mkia.

Nikazirudisha "Ndiyo" za mama, na nikamrudishia mzee mstari wake na "Ndiyo" zake. Kila mahali. Kisha nikawaita wote wawili studio, nikaweka viti viwili mbele ya kompyuta, na nikasimama nyuma yao kwa sababu sikutaka wanione uso. Sehemu ya kwanza ikapita. Ikaja sehemu ya Mama Zuhura:

- Kiwanja hiki alinipa marehemu mwenyewe.
- Ndiyo.

- Mama yenu alikuwapo, akashuhudia.
- Ndiyo.

- Vichanja hivi nilivisimamisha mimi.
- Ndiyo.

"Huyo wa chini ni nani?" akauliza Mzee Ramadhani.

"Ni wewe, mzee."

"Mimi sikusema kitu hapo. Alikuwa anaongea shemeji."

Nikampa hedifoni. Akazivaa juu ya kofia, nikamwomba radhi, akavua kofia akazivaa vizuri. Nikacheza tena. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Mama Zuhura alikuwa anatazama kucha zake.

"Ni sauti yangu," akasema alipozivua.

"Mzee," nikamwambia, "neno ni moja. Mimi siwezi kuliandika namna mbili kwa watu wawili. Nikiandika ndiyo kwa mama, naandika ndiyo kwako, na hapo umekubali kiwanja ni chake. Nikiandika nakusikia kwako, naandika nakusikia kwake. Sijui ipi ni sahihi. Kwa kweli sijui. Chagua wewe."

Akaigeuzageuza kofia mikononi. Nje mtu alikuwa anapigia honi mbuzi, na safari hii mbuzi walikuwapo kweli.

Mama Zuhura akaanza kusema kwa Kiha, taratibu, bila kumtazama. Sikushika yote. Nilishika jina la marehemu, na neno la matofali, na kitu kuhusu jua, kwamba matofali yanakinga jua lisifike kwenye dagaa. Kila alipovuta pumzi Mzee Ramadhani akasema, "Ego." Alikuwa anasema bila kujua anasema. Mara ya tatu akajisikia. Akaacha mdomo wazi. Mama Zuhura naye akanyamaza, na kwa mara ya kwanza akamtazama, na nikaona bega la mama linatikisika. Alikuwa anacheka. Mzee akaweka kiganja usoni.

"Andika nakusikia," akaniambia kutoka nyuma ya kiganja. "Kote."

Nikaandika. Tukatuma siku hiyo hiyo. Zuhura alitazama tena, akatuma ujumbe kwa wazee: kiwanja cha baba ni cha mama, na mama hajasema anaondoka. Wazee wakakubali kwamba mama hajasema. Stoo ya mashine haikujengwa pale.

Hapo ningeweza kuishia na kuwaambia: usitupe sauti ya mtu kwa sababu haonekani. Kila anayeitikia ana mstari wake. Ukimpa mmoja kistari, mpe na mwenzake, na uvipange kushoto ili jicho lisitafute. Hayo ni kweli na mnaweza kuyaandika mahali.

Lakini kuna lililobaki. Siku hiyo walipokuwa wanatoka, Mama Zuhura alisimama mlangoni akamwambia mzee, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Sasa hayo matofali, shemeji, utayahamisha."

Mzee Ramadhani akavaa kofia yake. "Ego," akasema.

Nimeshapita Kibirizi mara nyingi tangu siku ile. Matofali yako pale pale. Mara ya mwisho niliwakuta wote wawili wamekaa juu yake, sahani ya dagaa katikati yao, vichanja vimejaa nyuma. Nilikuwa mbali, na macho yangu mnayajua. Niliona tu kwamba mama anaongea na mikono yake inaelekeza chini, kwenye matofali, na kwamba kila anaponyamaza kidogo, ndevu za mzee zinacheza mara moja.